UZI: Kufunga umeme wa gitaa ulilojitengenezea, kuanzia pikapu mpaka jeki

mbao_na_waya (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda mtu anatupia humu picha ya gitaa alilochonga mwenyewe, mbao ya mkongo au mninga imepigwa msasa na vanishi mpaka unajiona usoni, halafu chini ya picha kuna swali: "Mbona linanguruma?" Na majibu ni yaleyale: badilisha pikapu, nunua pikapu za bei. Mtu anatoa hela, anabadilisha, mngurumo uko palepale. Nimeona nifungue uzi tulimalize.

Msimamo wangu nautoa mapema. Gitaa la kujitengenezea likinguruma, mara nyingi pikapu haina kosa. Kosa liko kwenye eathi, na kwenye utaratibu wa kazi. Watu wanalehemu kila kitu kwa mkupuo mmoja, wanakaza skrubu, ndipo wanachomeka kwenye ampi (kikuza sauti) kwa mara ya kwanza. Hapo hata ukijua kuna tatizo hujui uanzie wapi kulitafuta.

Nitatumia mfano wa gitaa la mtindo wa Telecaster: pikapu mbili za koili moja, swichi ya njia tatu, poti (kile cha kuzungusha cha kupandisha na kushusha) ya sauti, poti ya toni na jeki, yaani tundu la kuchomekea kebo. Kampuni ya Leo Fender ililitoa 1950 kwa jina la Broadcaster, mwaka uliofuata likaitwa Telecaster, na mpaka leo ni gitaa rahisi kuliko yote kwa mtu anayejifunza waya. Wenye hambaka, pikapu za koili mbili, msiondoke, tofauti zenu nitazitaja njiani.

Kwanza tuelewane kinachotokea mle ndani. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, mizunguko elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo sana unazaliwa kwenye koili. Umeme huo una njia mbili tu: waya wa sauti unaokwenda, na waya wa eathi unaorudi. Swichi, poti na kapasita ni vituo vya njiani. Ukiweza kufuata kwa kidole njia ya sauti kutoka pikapu mpaka ncha ya jeki, na njia ya eathi kutoka kila kifaa mpaka ganda la jeki, mchoro wa mtandaoni utausoma bila kukariri.

Sasa vifaa. Poti ndipo wengi wanapopigwa. Ukienda kwa fundi redio ukamwambia unataka volyumu, atakupa aliyonayo, na mara nyingi ni 10k au 50k iliyotoka kwenye redio ya transista. Itaingia na itapunguza sauti vizuri tu, ila gitaa litakuwa butu, ule ukali wa juu wote umekufa. Sababu ni kwamba poti imekaa kati ya waya wa sauti na eathi muda wote, hata ukiifungua mpaka mwisho. Ikiwa ndogo inailemea pikapu. Koili moja inataka 250k, hambaka inataka 500k. Namba imeandikwa mgongoni au ubavuni. Kwa poti nyingi za Asia herufi A maana yake inapanda kwa logi, jinsi sikio linavyosikia, na B inapanda sawasawa kwa hesabu. Kwa sauti na toni mimi nachagua A.

Kapasita ya toni ni 0.047 mikrofaradi kwa koili moja, 0.022 kwa hambaka. Dukani usiulize hivyo, angalia namba tatu zilizochapwa juu: 473 ni 47 na sifuri tatu, yaani pikofaradi 47,000, ndiyo hiyo 0.047. Vivyo hivyo 223 ni 0.022. Volti zake zisikusumbue. Umeme wa pikapu haufiki hata volti chache, kwa hiyo kapasita ya volti 50 au 100 inatosha. Ile kubwa ya volti 630 inayosifiwa mitandaoni itakujazia nafasi tu. Chukua ya polyesta au filamu yoyote, usichukue ile ya pipa yenye upande wa chanya na hasi.

Nakuja na sehemu ya kulehemu, nipeni dakika.

SoloKali

Nimeweka kiti mbele kabisa. Mkuu usituache njiani kama wale wa "itaendelea".

fundi redio

Mkuu nakukubali, ila mafundi redio usitutupie lawama zote. Redio za valvu za zamani zilikuwa na volyumu za 500k na 1M, tatizo zimekwisha mitaani. Mteja akija na jina kamili, "nataka 250k, A", atapewa au ataambiwa haipo. Akisema "nipe volyumu" tu, atapewa volyumu. Na aje na mita yake ya kupimia umeme apime miguu miwili ya nje kabla hajalipa, isome karibu na 250k. Tofauti ya asilimia 10 mpaka 20 ni ya kawaida kiwandani, asigombe na muuzaji.

mbao_na_waya

Umesema kweli mkuu, na ushauri wa mita nauchukua mzima mzima.

KULEHEMU. Pasi ya kulehemu ya wati 25 inatosha miguu ya swichi, lakini mgongo wa poti ni bati pana linalonyonya joto. Hapo unataka wati 40 mpaka 60, ncha pana, uguse haraka na utoke. Ukikaa sekunde 20 na pasi ndogo, joto linaingia ndani na kuharibu ule utepe wa kaboni, na poti mpya inaanza kukwaruza siku hiyohiyo. Mgongo wenyewe uparuze kwanza kwa msasa mpaka ung'ae. Paka risasi kwenye mgongo peke yake, paka kwenye waya peke yake, ndipo uvikutanishe. Risasi iwe ya elektroniki yenye dawa ya utomvu ndani, ile 60/40. Dawa ya asidi wanayotumia mafundi wa bati na mabomba usiilete hapa, inakula waya taratibu na baada ya miezi unaanza kutafuta mchawi.

Kiungo kizuri kinang'aa na risasi imetambaa pembeni. Ukiona tone la kijivu limekaa juujuu halijatambaa, halijashika hilo, rudia.

SWICHI. Ile ya wazi ya mtindo wa Fender ina miguu minane, minne kila upande. Kila upande una mguu mmoja wa pamoja na mitatu ya nafasi. Usiniulize mguu upi ni upi, kwa sababu watengenezaji wanatofautiana na zile za boksi zimepanga miguu yote kwenye mstari mmoja. Weka mita kwenye mlio, sogeza mkono wa swichi, andika kwenye karatasi. Ukishaijua: upande wa kwanza, nafasi ya 1 na ya 2 zinapata pikapu ya darajani (daraja ni kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa). Upande wa pili, nafasi ya 2 na ya 3 zinapata pikapu ya shingoni. Miguu miwili ya pamoja iunganishe, waya mmoja utoke hapo kwenda poti ya sauti. Kwa hiyo nafasi ya katikati inapata pikapu zote mbili.

POTI YA SAUTI. Izungushe mpaka mwisho kulia, pima mguu wa kati na kila mguu wa nje. Unaosoma karibu na sifuri ndio mlango wa kuingilia, waya wa swichi unakwenda hapo. Mguu wa kati ni wa kutokea, unakwenda kwenye ncha ya jeki. Uliobaki ukunje uguse mgongo wa poti, uulehemu. Hiyo ni eathi.

POTI YA TONI. Waya mmoja kutoka mlango wa kuingilia wa poti ya sauti mpaka mguu wa kati wa poti ya toni. Kapasita inatoka kwenye mguu wa nje kwenda mgongoni. Mguu wa nje upi? Ule ambao poti ikiwa imezungushwa mwisho kulia unasoma 250k na mguu wa kati. Wa tatu hauna kazi, uache.

Mchezo wote umeisha hapo, zimebaki eathi, na eathi nataka kuiandikia kwa utulivu.

dada besi

Kaka, nina swali kabla hujaendelea. Waya gani hasa? Mimi nimechukua ule wa ndani ya kebo ya intaneti, una rangi nzuri nane, nimefunga besi yangu yote nao.

mbao_na_waya

Dada yangu, ule wa ukutani una shaba moja nene ndani. Ukiukunja mara kadhaa unakatika, na gitaa linatikisika kila siku. Kama kazi imeshaisha na haiguswi, uache. Ukifungua tena, weka waya wa nyuzinyuzi, hata ule mwembamba wa ndani ya kebo ya printa iliyokufa unafaa. Kutoka poti mpaka jeki tumia kipande cha kebo ya maikrofoni, ule wavu wa nje ukiwa eathi.

mtoto wa Luthuli

Hapa Nairobi, Luthuli Avenue poti za 250k na 500k unapata, lakini ni zile ndogo za milimita 16. Zinafanya kazi sawa na zile kubwa?

mbao_na_waya

Zinafanya kazi sawa kabisa. Mgongo wake mdogo unapata moto haraka tu, kwa hiyo usikawie na pasi. Pima kwanza kama zinaingia kwenye tundu ulilotoboa, shingo yake ni nyembamba kuliko ya zile kubwa.

Sasa EATHI.

Migongo ya poti zote mbili iunganishe kwa waya. Waya mweusi wa kila pikapu uende mgongoni. Ganda la jeki liende mgongoni. Fremu ya swichi pia, kama ni ya chuma. Na waya mmoja, ambao ndio watu wanausahau, utoke mgongoni kwenda kwenye daraja la chuma, ili nyuzi zote ziwe eathi. Kwenye Telecaster halisi kazi hiyo inafanywa na bamba la chuma lililo chini ya pikapu ya darajani. Limeunganishwa na waya wa eathi, na skrubu zinalikutanisha na daraja. Pikapu nyingi za bei rahisi hazina bamba hilo. Toboa kitundu kidogo cha mshazari kutoka kwenye shimo la poti mpaka chini ya daraja, pitisha waya, menya sentimita mbili, zitandaze, funga daraja juu yake. Halafu pima kwa mita: uzi wowote na ganda la jeki, mlio lazima usikike.

Kwa nini nyuzi ziwe eathi? Mwili wako ni antena. Umesimama katikati ya nyaya za nyumba zenye volti 230 zinazopepea mara 50 kwa sekunde, na mwili unazibeba mpaka kwenye gitaa ulilolikumbatia. Ukigusa nyuzi, na nyuzi ziko eathi, mwili wako unageuka kuwa sehemu ya kinga. Ndiyo maana gitaa zima zuri tu linanguruma kidogo ukiachia mikono na linatulia ukilishika. Hilo si kosa. Kosa ni kinyume chake: ukigusa nyuzi mngurumo unaongezeka. Hapo angalia jeki, karibu kila mara waya wa sauti umekaa kwenye ganda na wa eathi kwenye ncha.

Baada ya hapo ndiyo KINGA. Shimo lote la poti, na mashimo ya pikapu, uyatandike foili. Ya shaba yenye gundi ndiyo bora kwa kuwa inalehemika. Ya jikoni inafanya kazi, lakini risasi haiishiki, kwa hiyo uibane na skrubu yenye kijiwaya kinachokwenda mgongoni mwa poti. Na msiamini gundi. Vipande viwili vya foili vilivyopandana vinaweza visiguse kabisa kiumeme, gundi iko katikati. Weka tone la risasi kwenye kila maungio, kisha mita, kona hadi kona. Chini ya kifuniko cha poti nako foili, iguse ya shimoni.

Jambo moja wauza foili hawalisemi. Kinga inazuia kelele za umeme wa hewani, haizuii sumaku. Transfoma ya ampi, feni na mota ya friji vinatoa mawimbi ya sumaku yanayopita foili bila kubisha hodi. Namna ya kuvitofautisha ni rahisi: shika nyuzi, kisha zunguka polepole na gitaa lako mahali ulipo. Kama mngurumo unapanda na kushuka kulingana na unakoelekea, hiyo ni sumaku na koili yako moja inafanya ilivyoumbwa. Dawa yake ni kusogea mbali na ampi, au hambaka. Hambaka ilibuniwa kwa ajili hiyo, Seth Lover wa Gibson akatumia koili mbili zilizopingana ili kelele ijiue yenyewe na sauti ya nyuzi ibaki. Kampuni iliomba hataza 1955 na magitaa yakaanza kutoka nayo 1957.

SoloKali

Kule kuzunguka na gitaa nimefanya sasa hivi, mama mwenye nyumba kaniangalia sana. Nikielekea dirishani inatulia! Nikielekea ampi inarudi. Kumbe muda wote nilikuwa nalaumu pikapu.

fundi umeme

Naomba niingilie, maana mmeongea eathi ya gitaa tu, hamjaongea eathi ya nyumba.

Nyuzi zenu zimeunganishwa na ganda la jeki. Ganda la jeki limeunganishwa na chasi ya ampi. Chasi ya ampi imeunganishwa na pini ndefu ya plagi, ya juu, ile ya eathi. Sasa kuna watu wanaikata hiyo pini, au wanatumia kidude cha kubadili plagi chenye pini mbili, kwa sababu "mngurumo umepungua". Siku ampi ikipata hitilafu na moto ukagusa chasi, nyuzi unazoshika zina volti 230. Wewe ukitaka kuimba, midomo inagusa maikrofoni ambayo iko kwenye eathi kupitia mikisa. Mzunguko umekamilika kupitia kifua chako.

Sitishi mtu. 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, aliposhika maikrofoni isiyokuwa na eathi sahihi. Gitaa mkononi.

Kabla ya shoo, hasa kwenye jenereta au kumbi mnazopewa waya mmoja wa kuunganisha-unganisha, weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye uzi wa gitaa, nyingine kwenye chuma cha maikrofoni. Ikisoma volti kumi na kuendelea, usiguse, tafuteni sababu. Ukiona kitu kama 100 au 115 na unahisi kijimtekenyo, mara nyingi ni kifaa chenye pawa saplai ya kisasa ambacho hakijafika eathi. Mkondo wake ni mdogo, ila unakwambia wazi kuwa eathi ya ukumbi huo haipo.

mbao_na_waya

Mods kama mnaweza, posti hii ya fundi umeme ibandikeni juu. Na niongeze: kama mngurumo unaisha ukikata pini ya eathi, tatizo lako ni vifaa viwili vilivyochomekwa soketi tofauti. Chomeka ampi na mikisa kwenye ekstensheni moja nzima yenye eathi, uone.

mzee wa dansi

Vijana, hamjambo. Mimi nimepiga ridhimu miaka mingi kabla wengi wenu hamjazaliwa. Zamani tulikuwa hatupimi kitu, ampi ikikurusha unasogea pembeni unaendelea. Namsikiliza huyu fundi umeme nashukuru Mungu.

Ninauliza hili: kuna kijana hapa mtaani anataka kuzungusha pikapu mwenyewe. Inawezekana au namwambia asipoteze muda?

mbao_na_waya

Shikamoo mzee. Inawezekana, na imeshafanyika karibu na kwetu. Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono N°1 walitengeneza wenyewe vipokea sauti vya likembe zao (ala ya vijichuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), sumaku wakizitoa kwenye vyuma chakavu vya magari. Sauti ile ya kukwaruza waliyoipata ikawa ndiyo alama yao, na dunia nzima ikaja kuisikiliza.

Brian May wa bendi ya Queen naye alianza kujenga gitaa lake na baba yake 1963, mbao ya shingo wakiikata kwenye fremu kuukuu ya meko. Pikapu za kwanza alitengeneza kwa mikono. Zilikuwa na sauti, lakini akivuta uzi pembeni zinatoa kelele ya ajabu kwa jinsi sumaku zilivyopangwa. Akaishia kununua tatu za Burns, akazimwagia gundi ya Araldite ndani zisipige filimbi. Kila moja akaipa swichi mbili, ya kuwasha na kuzima na ya kugeuza fezi (mwelekeo wa umeme wake), na zote tatu zimefungwa kwa mfululizo, sauti inapita moja kwenda nyingine. Kwa wanaopenda waya, mchoro wa gitaa lile ni darasa tosha.

Kijana wako, mzee, atahitaji waya wa kipenyo cha milimita 0.06 hivi. Wa transfoma na mota za feni ni mnene mno, koili itajaa kabla hajafika mizunguko elfu moja. Ajaribu koili za rilei ndogo za volti 220, humo ndimo wenye unywele unapopatikana. Na sumaku za hadi diski asizitumie. Zina nguvu kiasi cha kuvuta nyuzi zenyewe, gitaa linapoteza tyuni na noti zinayumba.

mtoto wa Luthuli

Bro nimefunga yote jinsi ulivyosema. Shingoni iko poa, darajani iko poa, nikiweka katikati sauti inakuwa nyembamba kama ya simu, besi yote imepotea. Nini hiyo?

mbao_na_waya

Fezi. Pikapu moja inasukuma wakati nyingine inavuta, zinapunguzana. Hakikisha hivi: toa waya za pikapu, weka mita kwenye omu 20k, gusisha bisibisi ya chuma juu ya sumaku kisha ivute ghafla. Namba itaruka juu au chini kidogo kabla ya kutulia. Fanya na ya pili. Zikiruka pande tofauti, geuza waya mbili za pikapu moja tu.

Lakini subiri kidogo. Kama unageuza ile ya shingoni yenye kofia ya chuma, angalia chini yake kwanza. Kofia imeunganishwa na waya wa eathi kwa kipande kifupi. Ukigeuza bila kukikata, kofia yote inakuwa upande wa sauti na kila ukiigusa na kidole ampi inalia. Kata hicho kipande, kofia ipe waya wake wa eathi peke yake. Ukiona ni kazi, geuza ya darajani, ila kama ina bamba la chuma chini, habari ni ileile.

Wenye hambaka za waya nne, msifuate rangi kwa mazoea. Seymour Duncan, mweusi ni wa sauti na kijani ni eathi, mwekundu na mweupe vinaunganishwa pamoja. DiMarzio, mwekundu ni wa sauti, kijani eathi, mweusi na mweupe ndivyo vya kuunganishwa. Zisizo na jina, mita itakwambia jozi zipi ni koili moja.

dada besi

Na mimi nimerudi. Nimefungua, nimetandika foili shimo la jeki vizuri kabisa kama ulivyosema. Sasa haitoi sauti kabisa! Nikichomoa kebo nusu inatoa.

mbao_na_waya

Ule mguu wa ncha ya jeki unagusa foili, dada. Ukichomeka plagi mpaka mwisho, kile kichuma kinachoishika ncha kinasukumwa nje, kinafika ukutani, na ukutani sasa ni eathi. Sauti yote inamwagikia hapo. Bandika utepe wa umeme mahali kinapogusa, au izungushe jeki kidogo kichuma kielekee kwenye nafasi. Plagi iwe ndani wakati unapima, bila plagi hutaona kosa.

dada besi

Imelia! Asante sana kaka, Mungu akubariki.

SoloKali

Mkuu swali la mwisho kwangu. Nikipunguza sauti mpaka 6 au 5, ukali unapotea, inakuwa kama nimefunga na toni. Kawaida?

mbao_na_waya

Kawaida. Kebo yako yenyewe ni kapasita, karibu pikofaradi 100 kwa kila mita, na ukishusha poti ukinzani unaongezeka kati ya pikapu na kebo, kwa hiyo ya juu inavujia eathi. Kuna njia mbili. Ya bure: ule waya wa poti ya toni uutoe kwenye mlango wa kuingilia wa poti ya sauti, uuhamishie mguu wa kati. Ndiyo wanaita mtindo wa miaka ya hamsini. Ukali unabaki, ila poti mbili zinaanza kusikilizana, ukigusa moja nyingine inabadilika kidogo. Ya pili: kapasita ya nanofaradi 1, ile 102, ilale kati ya mlango wa kuingilia na mguu wa kati, na sambamba nayo rezista ya 150k. Bila rezista, sauti ikiwa chini inabaki ukali mtupu usio na mwili. Mimi binafsi nafunga ya kwanza kwa sababu sibebi rezista mfukoni.

mtoto wa Luthuli

Fezi imekaa, katikati sasa imejaa kabisa. Lakini nimechomeka kebo nikapima kwenye plagi kabla sijafunga kifuniko, namba zimenishtua. Pikapu zangu peke yake zilikuwa 7.1k darajani na 7.4k shingoni. Sasa kwenye plagi nasoma 6.9, 7.2, na katikati 3.6 tu. Nimepoteza kitu?

mbao_na_waya

Hujapoteza chochote, namba zako ziko sahihi kuliko za wengi. Poti ya 250k imekaa sambamba na pikapu, ndiyo inayoshusha 7.1 iwe 6.9. Katikati pikapu mbili ziko sambamba, zinakaribia nusu. Poti ya toni haionekani kwenye mita kwa sababu kapasita inazuia umeme wa DC. Hakikisha tu umepima sauti ikiwa mwisho kulia. Ukiishusha katikati utaona makumi ya kilo-omu, na hilo nalo ni sawa. Kwenye nafasi yoyote ukisoma sifuri, kuna sauti inagusa eathi. Ukisoma OL, yaani mita haioni njia ya umeme, kuna waya umeachia. Kama hakuna kati ya hayo, funga kifuniko.

mtoto wa Luthuli

OL hakuna, sifuri hakuna. Nafunga, halafu natupia picha na klipu.